Farasi anayekaza misuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chakula na virutubisho

Ukurasa huu ni wa wenye farasi, wasimamizi wa mabanda na masaisi wa Dar es Salaam. Kukaza ni pale misuli ya farasi inaposhikana, ikawa migumu na kuuma, akiwa kazini. Maswali mengi hapa huja masika yanapokatika, pale farasi waliofungiwa wiki nzima kwa sababu ya tope wanapotolewa wote siku moja. Vipimo vyote ni vya farasi wa kilo 450. Wako akiwa mdogo au mkubwa zaidi, punguza au ongeza kwa uwiano huo, na daktari wako wa mifugo ndiye mwenye neno la mwisho.

Farasi wangu amekaza sasa hivi. Nifanye nini?

Simama hapo hapo. Shuka, legeza tandiko, usimlazimishe kutembea hadi bandani "ili achangamke". Kila hatua anayolazimishwa inazidi kuharibu misuli. Kama mko juani, msogeze kivulini kidogo kidogo akikubali. Mwagie maji, mpe maji ya kunywa kadiri anavyotaka, mwondolee pumba na nafaka zote, mwachie majani makavu. Kisha piga simu kwa daktari.

Dawa ya maumivu iliyobaki kwenye kabati msimpe kabla daktari hajafika. Dawa za kundi la fenilibutazoni zikiingia kwa farasi aliyekaukiwa maji, huku protini ya misuli iitwayo myoglobini ikipita kwenye damu yake, zinaweza kummaliza figo. Saisi achunguze mkojo wa kwanza atakaokojoa. Ukiwa rangi ya kahawa au chai ya rangi iliyokolea, hiyo si ya kusubiri kesho. Atahitaji maji ya mshipani au ya kupitishwa kwa mpira wa puani, na mwenye kuamua hilo ni daktari.

Nitajuaje kuwa ni misuli na si tumbo?

Farasi aliyekaza hufupisha hatua za nyuma, anatokwa jasho kupita kazi aliyofanya, anapumua haraka, kisha anagoma kabisa. Ukibonyeza matako na mapaja unayakuta magumu kama ubao. Mapigo ya moyo, ambayo akiwa ametulia ni 28 hadi 44 kwa dakika, yanapanda kwa sababu ya maumivu. Wengine hugaagaa au kukwangua chini kwa kwato za mbele, na hapo ndipo watu husema ni msokoto wa tumbo.

Pwani tuna mtego mwingine: homa ya kupe. Nayo inatoa mkojo wa rangi nyeusi nyeusi na kumlegeza farasi, ila mkojo ule unabeba rangi ya damu, si ya misuli, na mara nyingi farasi ana joto kali na fizi zilizopauka au za manjano hata kama hajafanya kazi. Kwa jicho huwezi kutenganisha kwa uhakika. Damu itatenganisha.

Mwombe daktari apime vimeng'enya viwili vinavyovuja kutoka kwenye misuli iliyoumia na kuingia kwenye damu, CK na AST. CK hupanda upesi, kileleni hufika kati ya saa nne na sita baada ya tukio, na hushuka ndani ya siku chache. AST hupanda taratibu na kukaa juu kwa wiki kadhaa. CK ikiwa juu na AST bado chini, tukio ni la leo. Zote zikiwa juu, huenda amekuwa akikaza kimya kimya na nyinyi mkidhani ni mvivu. Vimeng'enya hivi hupimwa hata kwa binadamu, kwa hiyo kipimo chenyewe si kitu cha ajabu, ila viwango vya kawaida vya farasi ni tofauti na vyetu, na anayesoma majibu lazima ajue hilo.

Mbona ilimpata siku ya kwanza tu baada ya mapumziko?

Kwa sababu alipumzika na ndoo haikupumzika. Zamani Ulaya ugonjwa huu waliuita wa Jumatatu asubuhi: farasi wa mikokoteni walisimama Jumapili wakila posho nzima ya nafaka, Jumatatu wakifungwa kazini wanakaza. Dar tunayo Jumatatu yetu. Mwenye farasi anafanya kazi mjini, foleni inamla jioni zote, anamfikia farasi Jumamosi tu na anataka apige shoti ufukweni. Au ni Desemba, nusu ya wahudumu wamekwenda kwao sikukuu, farasi wanasimama siku kumi na pumba zao kamili.

Sheria ya banda iwe moja: siku asiyofanya kazi, ndoo inapungua siku hiyo hiyo, si kesho yake. Nafaka na pumba zikatwe angalau nusu, na majani yabaki yale yale.

Wote wanaokaza wana ugonjwa mmoja?

Hapana, na hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapowapoteza watu. Yuko anayekaza mara moja kwa sababu alizidishiwa kazi kwenye joto, akaishiwa maji na chumvi, na hatarudia ukimtunza. Yuko anayerudia rudia kwa sababu kazaliwa hivyo.

Wa kuzaliwa wanagawanyika. Kuna wenye hitilafu ya jeni ya GYS1, iliyogunduliwa mwaka 2008, ambao misuli yao inajaza akiba ya sukari kupita kiasi na kushindwa kuitumia vizuri. Hao ni wengi kwenye Quarter Horse na farasi wakubwa wa mizigo kama Percheron na Belgian. Mara nyingi ni watulivu na wananenepa kwa majani matupu. Kipimo chao ni cha nywele zenye mizizi kutoka shingoni, zinazotumwa maabara ya nje. Kundi la pili ni la Thoroughbred, yaani farasi wa mbio, na jamaa zake: wembamba, wenye wasiwasi, hasa majike vijana, wanaokaza wakiwa wamechangamka au wakizuiwa wasikimbie. Kwao shida ni jinsi seli ya msuli inavyosimamia kalisi (kalsiamu). Kundi la tatu, linaloonekana zaidi kwa farasi wa Kiarabu na warmblood (farasi wa michezo wa asili ya Ulaya), misuli yao ina udhaifu wa nyuzi zenyewe, na CK inaweza hata kuwa ya kawaida.

Vipo vipimo vya nywele vinavyouzwa kwa ajili ya aina nyingine zisizo za GYS1. Utafiti haujavithibitisha. Hela hiyo nunua majani mazuri.

Nianzie wapi kwenye chakula?

Anzia kwenye ndoo, kabla hujanunua kopo lolote. Kwenye mabanda mengi hapa ndoo ya asubuhi ni pumba za mahindi, kidogo cha mahindi yaliyoparazwa, na molasi juu ili "apende". Hiyo ni sukari na wanga kuanzia juu hadi chini. Punje ya mahindi ni karibu theluthi mbili wanga. Pumba za mashine ya kukoboa hutoka na kiini na vipande vya punje, kwa hiyo usidanganywe na jina kwamba ni maganda tu. Gunia moja na jingine havilingani. Pumba za ngano zina wanga kidogo kuliko hizo, ila fosforasi yake ni nyingi mno, na tutaona shida yake kwenye swali la majani. Molasi karibu nusu yake ni sukari.

Farasi mwenye GYS1: toa vyote hivyo. Vyote. Farasi mwenye wasiwasi wa damu ya Thoroughbred anaweza kubakiwa na nafaka kidogo kama anafanya kazi nzito, lakini wanga usizidi sehemu ya tano ya nguvu anayopata kwa siku, na usimpe mlo mmoja mkubwa. Zaidi ya hapo wanga unamchangamsha, na kuchangamka ndiko kunakomkaza.

Badala yake tumia vitu viwili vinavyopatikana. Mashudu ya alizeti yana protini na wanga wake ni mdogo. Konzi moja au mbili kwa siku zinatosha kubebea chumvi na vitamini. Mashudu ya nazi nayo hayana wanga mwingi na farasi huyapenda, mradi yanukie nazi. Yakinuka ukali au ukiona ukungu, tupa. Machicha mabichi ya jikoni msiwape: kwa joto letu yanachacha kabla ya mchana.

Badilisha taratibu, wiki mbili hivi. Tumbo la farasi halipendi kushtukizwa, na kumtibu misuli ukamletea msokoto si tiba.

Majani gani yanafaa?

Majani ndiyo chakula chenyewe. Anahitaji kilo 7 hadi 9 za majani makavu kwa siku, yaani asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake. Ukimpa mabichi kumbuka sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo mzigo mkubwa unaouona wa mabingobingo machanga una chakula kidogo kuliko unavyodhani.

Nyasi ya rodesi iliyokauka ndiyo ningeichagua ya kwanza. Sukari yake kwa kawaida ni ndogo, na haina oksaleti nyingi. Oksaleti ni kitu kinachoishika kalisi ya majani farasi asiweze kuitumia, na mabingobingo yanayo kwa wingi, pamoja na nyasi ya setaria. Ng'ombe hana shida kubwa, tumbo lake linaivunja. Farasi hawezi. Ukimlisha mabingobingo mwaka mzima, ukaongeza pumba zenye fosforasi, mifupa yake inaanza kutoa kalisi, uso unavimba na hatua zinafupika, na mtu atasema tena ni misuli. Kama mabingobingo ndiyo uliyonayo, changanya na lusini (alfalfa) kidogo, na zungumza na daktari kuhusu chokaa ya chakula cha mifugo. Lusini yenyewe haina wanga mwingi. Isiwe tu chakula kikuu.

Kuloweka majani makavu kwenye maji safi kwa nusu saa hadi saa moja hupunguza sukari. Maji yale mwaga, usimnyweshe. Usiloweke usiku kucha kama wanavyofanya nchi za baridi, hapa yataanza kuchacha. Ukiwa na rodesi nzuri, mara nyingi hakuna haja.

Sasa, majani ya kununua kwa vijana wanaokata pembezoni mwa barabara na viwanja vitupu wakaleta kwa baiskeli au guta. Fungua mzigo mbele yake, uutandaze kwenye saruji. Tafuta mwingajini: mche wenye maua ya njano, majani yanayonuka ukiyafikicha, na maganda membamba ya kahawia yenye mbegu zilizopangwa mstari. Unaota kila mahali palipofyekwa, na watu wanautumia kama dawa, kwa hiyo kijana haoni ubaya. Kwa farasi, mbegu zake hasa, ni sumu ya misuli na ini. Nimewahi kuona mzigo ambao robo yake ilikuwa maganda hayo, yamekauka, yanalia mkononi yakitikiswa. Mzigo wa namna hiyo haupepetwi, unarudishwa. Majani ya mti wa lukina nayo, ambayo mbuzi wanayapenda, yanamnyonyoa farasi singa za shingo na mkia.

Naweza kumpa chakula cha kuku au cha ng'ombe cha dukani?

Usithubutu. Vyakula vingi vya kuku, na baadhi ya vya ng'ombe, huwekwa monensini, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuhara wa kuku, au dawa za jamii yake. Kuku anaimudu, farasi kiasi kidogo tu cha miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito kinaweza kumuua, kwa kuharibu moyo na misuli. Dalili zinafanana na za kukaza: jasho, udhaifu, mkojo mweusi. Hata kiwanda kinachochanganya chakula chako cha farasi uliza kimechanganya nini kabla yake kwenye mashine ile ile.

Mafuta ya kula yanasaidia?

Yanasaidia yule anayehitaji nguvu baada ya kuondolewa nafaka. Mnene hayahitaji, na kumwongezea ni kumletea tatizo la kwato juu ya la misuli. Mafuta ya alizeti ni rahisi kupata. Anza na robo kikombe kwa siku, ongeza kila siku tatu nne, ndani ya wiki tatu ufike mililita 250 hadi 400, ukigawa kwenye milo miwili. Kinyesi kikilainika au kikawa na mng'ao wa mafuta, rudi nyuma.

Dumu lisikae dirishani. Mafuta yaliyoharibika kwa joto yanakula vitamini E, na vitamini E ndiyo unayoitafuta. Kila unapoongeza mafuta, ongeza na vitamini E.

Vitamini E na seleni: nimpe zote mbili?

Vitamini E, ndiyo, karibu kila farasi wa Dar anayelishwa majani makavu. Majani mabichi yanayo tele, lakini yakikauka na kukaa stoo inapotea. Yuniti 1,000 kwa siku ni mwanzo mzuri, hadi 2,000 kwa anayekaza au anayekula mafuta. Ile ya asili hufyonzwa vizuri kuliko ya kutengenezwa. Kwenye lebo ya asili huandikwa "d-alpha" na ya kutengenezwa "dl-alpha". Kama ya farasi haipatikani, vidonge laini vya binadamu vya yuniti 400 vinatobolewa na kukamuliwa kwenye mashudu. Haitibu aliyezaliwa na tatizo. Inalinda misuli isiumie zaidi.

Seleni, ambayo ni madini, ni habari nyingine. Mahitaji yake kwa siku ni miligramu moja hadi mbili tu, na pengo kati ya dawa na sumu ni jembamba. Ikizidi, singa zinanyonyoka na kwato zinapasuka mviringo. Hatari kubwa ni kujumlisha bila kujua: iko kwenye mchanganyiko wa madini, iko kwenye kopo la "misuli", kisha mtu anamchoma na sindano. Soma lebo zote, jumlisha, na sindano ya seleni isichomwe kabla ya kupima damu.

Chumvi je?

Hiki ndicho kirutubisho cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Jasho la farasi ni chumvi zaidi kuliko damu yake, na kwenye joto na unyevu wa Dar anaweza kutoa lita 10 na zaidi kwa saa moja ya kazi nzito. Majani yanampa potasiamu ya kutosha, sodiamu hayampi. Mwekee vijiko viwili vikubwa vya chumvi ya kawaida kila siku, vitatu hadi vinne siku za jasho, vikichanganywa na chakula chenye maji. Jiwe la kulamba liwepo, lakini farasi wengi hawalilambi vya kutosha. Maji yawepo muda wote, maana chumvi bila maji ni adhabu.

Mpande kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa umemaliza saa moja na nusu. Kati ya Desemba na Machi hata muda huo ni wa hatua na troti fupi tu. Na farasi asiyetoa jasho kabisa huku anahema, hiyo si nafuu: ameishiwa uwezo wa kutoa jasho, ugonjwa unaojulikana kwenye nchi za joto na unyevu. Aone daktari.

Magadi, magnesi, mitishamba, makopo ya "kutuliza misuli"?

Magadi yalitumika kwa imani kwamba kukaza kunaletwa na asidi ya misuli. Nadharia hiyo imeachwa zamani; wengi wanaokaza hawana asidi hiyo kwa wingi. Tena magadi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Magnesi haidhuru kwa kiasi kidogo, ila ushahidi kwamba inazuia kukaza ni hafifu. Makopo mengine soma kwanza orodha ya viambato: mara nyingi ni vitamini E ile ile na seleni ile ile, kwa bei mara nne, juu ya unga wa ngano au molasi.

Je, apumzike hadi lini, na kazi irudi vipi?

Baada ya tukio, apumzike hadi awe anatembea bila maumivu na CK imeshuka. Akiweza kutoka nje kwenye uwanja mdogo peke yake, atoke. Kusimama bandani ndiko kunakomgandisha. Kisha anza na kuongozwa kwa kamba dakika tano, ukiongeza dakika mbili kila siku. Mwenye GYS1 anahitaji kazi kila siku, hata dakika kumi na tano. Chakula peke yake bila kazi kwake kinasaidia kidogo sana. Kama wewe ni mtu wa wikiendi tu, mlipe saisi amtembeze katikati ya wiki. Ni fedha ndogo kuliko makopo.

Yule mwenye wasiwasi mpe utaratibu usiobadilika: alishwe wa kwanza bandani, asizuiwe kwa lijamu akiwa amechangamka, na mwenzake awe karibu. Kuna dawa iitwayo dantrolini ambayo daktari anaweza kuiagiza kabla ya kazi kwa farasi wa aina hii, na muda wake wa kutoka mwilini lazima uhesabiwe kama atashindana.

Nitaona mabadiliko baada ya muda gani?

Mwenye wasiwasi, wiki chache ukishapunguza wanga. Mwenye GYS1 anaweza kuchukua miezi, hadi minne au sita, chakula na kazi vikienda pamoja. Kama mnataka namba badala ya hisia, daktari apime CK, mfanyeni troti nyepesi dakika kumi na tano, apime tena baada ya saa nne. Ikiwa imepanda zaidi ya mara tatu kwa kazi ndogo hiyo, bado.

Jike wangu amepimwa ana GYS1. Naweza kumzalisha?

Jeni hii inatosha ikiwa nakala moja tu. Jike mwenye nakala moja, akipandwa na dume safi, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwenye nakala mbili atairithisha kwa watoto wote. Mimi nisingemzalisha. Ukiamua kumzalisha, mpime mtoto mapema, na ukimuuza, mwambie mnunuzi na mpe karatasi ya kipimo.